Rudi kwenye Kifaransa, Tuendelee Kukusifu

Kamina, mtaa wa nyuma ya stesheni,
Jumatatu, baada ya kuosha masufuria

Kwa Mwandishi wa Blogu, Binti Abigaïl, huko Lubumbashi

Yahusu: Ombi la heshima la kurudishiwa Kifaransa chetu

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta na afya njema, wewe pamoja na simu yako. Mimi baba yako mkubwa Jéthro, karani mstaafu wa shule na mkalimani wa ibada tangu hujazaliwa, nakuandikia kwa moyo mzito na vidole vyenye malengelenge. Habari ya malengelenge utaikuta huko chini.

Nimechagua Kiswahili kwa makusudi. Ningeandika Kifaransa, ungenisahihisha. Ningeandika Kiluba, mama yangu angeisoma, na hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe.

Mwaka mzima uliandika blogu yako kwa Kifaransa, na ukoo mzima ukaona raha. Makala yako ya kwanza, ile ya « Les défis de la jeunesse », tuliichapisha tukaitia fremu. Iko sebuleni karibu na kalenda. Hakuna aliyewahi kuuliza ndani yake umesema nini. Huo ndio uandishi wenye adabu. Kisha, bila hata kuitisha kikao cha familia, ukaanza kuandika kwa Kiluba, eti ndiyo lugha uliyonyonya. Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Unaeleweka. Zamani, Jumapili baada ya ibada, tulikusanyika kwangu. Nilisimama, nikasoma mistari mitatu ya Kifaransa chako, nikaifasiri kwa nusu saa. Ulikuwa mwandishi mzuri sana katika tafsiri zangu. Karibu kila wiki uliwahimiza vijana wawatii baba zao wakubwa, na wazee walitikisa vichwa kwa furaha. Mimi nikapewa kiti chenye mgongo na firigisi ya kuku. Siku hizi nkambo wako Ndaya, yaani mama yangu mzazi, anavaa miwani na kusoma mwenyewe. Mimi nakaa kwenye kigoda na kupewa shingo.

2. Umesahau jambo ambalo kila mtoto wa nyumba hii analijua. Wazee wetu Wamethodisti maisha yao yote wameona maandishi ya Kiluba mahali pawili tu: kwenye Biblia na kwenye kitabu cha nyimbo. Kwao, Kiluba kikishaandikwa kimetoka mbinguni. Mama kabla ya kufungua blogu yako ananawa mikono na kujifunga kitambaa kichwani. Anasoma polepole, kwa sauti ileile ya kumsomea nabii Isaya. Akimaliza anasema Amina, na sisi wote tunaitikia Amina, mimi nikiwa wa kwanza, kwa mazoea tu.

3. Kwa sauti hiyohiyo ilisomwa makala yako ya jikoni. Uliandika, naamini kwa utani, kwamba hujaona bado sababu ya mwanamume mwenye mikono miwili kukaa akisubiri asongewe bukari. Kwa Kifaransa hayo yangekuwa mawazo ya msomi, yangepita juu ya vichwa vyetu salama salimini. Kwa Kiluba yamekuwa amri. Mama Marceline, mke wangu wa ndoa, alinikabidhi mwiko jioni ileile. Nilijaribu kumweleza kwamba blogu ni blogu. Akanijibu kwa upole kwamba ndivyo ilivyoandikwa, na si yeye aliyeandika: "Njo vile banaandika, papa. Hapana minyi njo niliandika." Bukari yangu ya kwanza ilikuwa na mabonge, na mabonge hayo yakatajwa kwenye maombi ya wamama, kwa jina langu kamili.

4. Jirani yetu Kabange, Mkatoliki mwenye adabu zake, alisikia usomaji kupitia dirishani. Amekuja kuniuliza kama Wamethodisti tumeongeza kitabu kwenye Biblia, na kama padri wao amearifiwa. Nikaendelea kukoroga unga.

5. Kwaya imeanza kuitafutia makala hiyo tuni. Nasikia pia kuna wake wa askari kule kambini Base walioomba watumiwe, na kwamba kuna shemeji aliyeipeleka hadi Luena kwa treni. Hebu fikiria, mwanangu, siku adui atakapovuka mpaka na kulikuta jeshi letu limeshika mwiko, linaogopa kuacha moto kwa sababu bukari itaungua. Nani atawajibika? Wewe, na Kiluba chako.

6. La mwisho linaniuma kuliko malengelenge. Jumapili iliyopita mama alimaliza kusoma, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge. Akatuambia kwamba leo mjukuu wake amezungumza naye. Leo! Na mimi mwaka mzima nilikuwa nikimletea maneno yako kila Jumapili, nimesimama, nimevaa tai. Hakuna aliyeniangalia. Nilitoka nje nikajifanya natazama kuku.

Kwa sababu hizo zote, nakusihi urudi kwenye Kifaransa, tena kile kigumu, chenye « problématique » na maneno mengine marefu ya namna hiyo. Ukiona kimekuchosha, andika hata Kichina. Tutajivunia zaidi, na fremu tutanunua kubwa zaidi. Kiluba tuachie sisi, tukitumie kwa mambo ambayo hayamletei mtu shida, kama kusali na kugombana.

Wasalimie dada yako Lise, mchungaji wa huko, majirani wote, na yeyote anayekusahihishia Kifaransa, tena yeye msalimie kwa niaba yangu mara nyingi. Huku sote wazima, na tumeshiba kwa jasho langu. Naweka kalamu chini nishike mwiko.

Ni mimi baba yako mkubwa akupendaye,
Jéthro,
Mkalimani, kwa sasa jikoni

N.B. Kabla hujarudi kwenye Kifaransa, nakuomba makala moja tu ya Kiluba. Andika waziwazi kwamba firigisi ni ya baba mkubwa, na kiti chenye mgongo vilevile. Mistari itie namba, kama wazee walivyozoea. Tafadhali usije ukaiandika kwa Kifaransa, maana hakuna atakayetii. Mama anauliza itatoka lini. Miwani ameshavaa, na mega za intaneti za kuifungulia nimeshanunua mimi mwenyewe.