Kondoo wa Msimamizi wa Kura

Mirvali hajawahi kukaanga hata yai, lakini aliposikia kwamba wapishi wanane wa mji wa Osh watashindania haki ya kupika pilau za harusi zote za mtaa mwaka mzima, alijipa cheo papo hapo: msimamizi wa kura. Alivaa tai, nani angembishia?

Wapishi wangepambanishwa wawili wawili, kila mmoja mara tatu; wazee waonje sahani mbili, kisha wanyooshe mikono kupiga kura. Nani akutane na nani, apange Mirvali. Jioni akamfuata Tursunboy, mpishi mwenye tamaa kuliko kipaji.

"Kaka, nikikupangia vibonde watupu, utashindwaje?"

"Na Ergash je? Yule mtu anajua pilau!"

"Ergash namtupia vigogo. Watamalizana."

"Haya, unataka nini?"

"Yule kondoo wako mwenye mkia mnene wa mafuta."

Alfajiri Mirvali akamfunga kondoo kwenye ua wa mkahawa wa mashindano, akaenda kumleta Mwalimu Nasiba apige hesabu. Alimtaka hasa kwa ajili ya miwani yake, maana ilitia imani. Kwa wazee akaisifu hesabu yenyewe mpaka mate yakamkauka.

Adhuhuri Tursunboy akashinda zote tatu. Ergash akashinda mbili, akapoteza moja. Mirvali akaanza kupiga mluzi.

"Wa kwanza ni Ergash," akatangaza mwalimu.

"We mwalimu! Mimi nimeshinda zote!"

"Umeshinda vibonde, kaka, tena kwa tofauti ya mkono mmoja tu kila mara. Ergash amewaangusha vigogo kwa mikono tele. Hesabu inapima umemshinda nani, na kwa kiasi gani. Mngekutana, angekutandika."

"Hesabu gani hiyo?"

"Muulize msimamizi. Kaisifu tangu asubuhi."

Tursunboy akamkaba Mirvali kwa tai yake. "Kondoo wangu!"

Wakakimbilia uani. Kamba ilikuwepo, kondoo hayupo.

"Yule wa sadaka?" mwenye mkahawa akashangaa. "Kondoo kafungwa uani siku ya sherehe ya mtaa, angekuwa wa nini tena? Tulimwombea dua asubuhi. Na wewe, Mirvali, uliinua mikono ukaitikia amina kwa sauti kuliko sote."

Kweli aliitikia, wala hakuuliza dua ilikuwa ya nini. Na kitu kilichoitikiwa amina mbele ya wazee, nani ana uso wa kukidai?

"Mkia uko wapi?" Mirvali akauliza kwa sauti ndogo.

"Tulimpa Ergash. Alipungukiwa mafuta."

Tursunboy akamtazama Mirvali. Mirvali akaitazama sahani aliyoiacha mezani, nyeupe pee. Ilikuwa ya pilau ya Ergash, na alikuwa ameomba nyongeza mara mbili.