Hablaría Ndani ya Droo

Jumatatu, 3 Machi
Darasa la Kihispania liko ghorofa ya pili, palepale palipokuwa chumba chetu cha habari. Meza yangu bado ipo, doa la wino nalo lipo. Mhazili wetu wa gazeti naye kajiandikisha, kakaa dirishani, kama zamani. Miaka thelathini iliyopita nilisikiliza taipureta yake kila alasiri. Sikumwambia neno. Ijumaa mtihani: kitenzi hablar, kuzungumza, kwa maana ya “ningezungumza”. Atakayefeli anashushwa chini kwa wanaoanza. Mhazili hatafeli. Lazima nibaki.

Jumatano, 5 Machi
Mwalimu anasema ni rahisi: chukua kitenzi kizima, ongeza mkia. Hablaría, hablarías, hablaría. Hapo kichwa kinagoma. Mpango! Nimeandika nafsi zote sita kwenye kijikaratasi, nikakificha ndani ya droo. Msahihishaji, aliyekuwa akizikatakata habari zangu enzi zile na sasa mwanafunzi mwenzangu, kanikuta nikiifunga. Akauliza natafuta nini. Nikasema miwani. Nilikuwa nimeivaa.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Nafungua droo, karatasi imejaa wino mwekundu. Msahihishaji hakuvumilia. Kasahihisha makosa matatu, kaongeza alama za mkazo, na chini kaweka saini na saa, kama tulivyofanya kila ukurasa kabla haujaenda mitamboni. Ulikuwa mwandiko uleule. Nikasahau nilipo. Nikaweka saini yangu kando ya yake, nikainuka, nikaipeleka mezani kwa mkubwa.

Meza ya mkubwa siku hizi ni ya mwalimu. Aliisoma yote. Akasema haina kosa hata moja. Akatushusha sote wawili.

Mhazili alinisimamisha ngazini.

“Ripota, miaka thelathini nakusubiri useme neno. Ndiyo ukaamua kuzungukia Uhispania?”

Nikamwambia nitamjibu. Akasema Jumatatu saa kumi atakuwa kwenye benchi la nje, niende na lugha yoyote, hata ya mikono. Baada ya hapo anahamia kwa bintiye, mji mwingine.

Jumapili, 9 Machi
Jibu nimeshaandika. Kurasa mbili. Linaanza hivi: Hablaría contigo, ningezungumza nawe. Zuri sana. Nimempa Msahihishaji alipitie. Anasema hatamaliza kabla ya Jumanne. Nimemwambia asiharakishe. Mhazili amezoea kusubiri.