Kisu cha Baba, Mayai ya Mama

Jumatatu, 2 Megabit
Mji mzima wa Debre Markos hakuna anayejua kufunga kama mimi, Shumet. Malaika wangekuwa na matumbo, wangekuja kwangu kuchukua masomo. Leo mfungo mkuu wa Pasaka umeanza. Siku hamsini na tano bila nyama, maziwa wala yai, na tumbo tupu mpaka saa tisa mchana. Nimekaa bila kula hadi saa nne asubuhi. Halafu mkate kidogo. Mkate hauna damu.

Jana mama katangaza mbele ya ukoo. Baba tulimzika mwaka jana, na kondoo wa Pasaka huchinjwa na mwanamume. Basi kisu cha baba atakishika atakayefunga kwa nia, maana Abba Mezgebu, kasisi wetu, kahubiri kwamba mfungo usio na nia ni njaa tu. Ama mimi, ama binamu yangu Bitew. Bitew, mtoto wa shangazi! Kisu ni cha baba yangu. Nia ninayo. Nia yangu ni kisu.

Jumatano, 11 Megabit
Bitew sasa anafunga mpaka saa kumi na moja. Nani kamtuma? Anakonda makusudi. Wanawake wa mtaa wanamwita mtawa. Hasira zikanipanda, nikatangaza uani kwamba mimi sili tonge mpaka jua lizame. Etye Tiruye, jirani yetu, akauliza mbona basi zile nywele zangu sita za masharubu zina makombo ya shayiri. Nikasema ni vumbi la kazini. Akasema, mwanangu, wewe ni kinyozi, tangu lini nywele za watu zikanukia shayiri ya kukaanga? Mama akacheka naye. Wale wawili wananywa kahawa pamoja miaka ishirini na wanacheka pamoja miaka ishirini, mara nyingi wakinicheka mimi.

Ijumaa, 4 Miyazya
Kuku wa mama hawana dini. Mwaka mzima unawabembeleza, ukija mfungo wanataga kama wana mashindano. Mama anayaficha mayai kwenye kapu la nafaka ya teff. Ni ya mchuzi wa kuku wa Pasaka, kumi na mawili, lisipungue hata moja.

Jana shiro, mchuzi wa unga wa maharage. Leo shiro. Kesho dengu, halafu shiro. Tangu nitangaze habari ya jua kuzama, mtaa mzima unanichunga mdomo. Nimebeba mayai mawili kazini. Birika la umeme la maji ya ndevu linaivisha yai kwa dakika saba. Nimeyala nikimlaani Bitew. Angefunga kama watu, nisingekuwa na njaa hii.

Jumanne, 22 Miyazya
Mama kafunua kapu. Limebaki yai moja. Akaniuliza kwa upole, na upole wa mama ndio wa kuogopa. Nikajibu papo hapo bila kufikiri, kazi ninayoiweza sana. Nikasema ni Buchi, mbwa wa Etye Tiruye, nimemwona akitoka jikoni analamba midomo.

Mama akajifunga shali yake ya netela kiunoni, akavuka ua. Akasema mbwa asiyefunga kafundishwa na mwenye nyumba asiyefunga. Etye Tiruye akasema mbwa wake ana adabu kuliko wana wa watu. Mama akasema rudia. Akarudia. Nusura washikane. Leo kila mmoja kanywa kahawa kwake, mlango umefungwa.

Nilimtazama Buchi. Buchi akanitazama. Nikamtupia jiwe. Ana kiburi.

Ijumaa, 25 Miyazya, siku ya Kusulubiwa
Tumesujudu kanisani tangu asubuhi. Bitew kama pampu ya kisima, chini, juu, chini, juu. Nami nilisujudu, hasa Abba alipotazama upande wangu.

Jioni ikawa foleni ya toba. Unataja dhambi zako, kasisi anakugonga mgongoni kwa tawi la mzeituni, anakupa idadi ya kusujudu. Bitew alikuwa mbele yangu. Kapewa mia tatu. Watu wakanong'ona kwa heshima. Mimi nikasema nilimtukana mtu. Abba akanigonga kama anayefukuza nzi, akasema ishirini.

Ishirini ni ya mtoto wa juzi! Nikamwambia aongeze, dhambi zangu ni kubwa kuliko za Bitew. Nikataja ulevi. Nikataja wizi wa ng'ombe. Akasema, kijana, acha mchezo, watu wanaumwa magoti hapa. Basi nikampa la kweli, tena kwa sauti, asidhani nambabaisha: mayai kumi na moja ya mama, ndani ya mfungo, kwenye birika, na mbwa wa jirani nilimsingizia.

Abba hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu. Nikageuka. Mama.

Nimepewa mia nne. Nimempita Bitew kwa mia nzima na hakuna hata aliyenipa mkono.

Jumapili, 27 Miyazya, Pasaka
Kachinja Bitew. Kisu cha baba, mkono wa Bitew. Mimi nilishika miguu ya nyuma, na kondoo akanipiga teke, hata kondoo. Halafu Bitew akanipa kisu nikakioshe. Mchuzini mayai matatu, lile lililobaki na mawili mapya, watu tisa, macho yote kwangu. Nyama nimekula kwa hasira, sahani tatu.

Wa kulaumiwa ni Bitew, Abba na wale kuku. Lakini daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo niseme. Kilichoharibika kweli ni kimoja. Jana asubuhi mama alibeba jiwe shingoni, kama afanyavyo mtu anayeomba msamaha, akavuka ua, akainama mlangoni kwa Etye Tiruye. Etye alikawia kufungua. Mama ana mgongo mbovu. Jiwe lile lilikuwa la kubebwa na mimi. Nami nilikuwa dirishani, nikatazama mpaka mwisho, sikutoka.

Mwakani nitasema ni nguchiro. Nguchiro hana mwenyewe.