Taa ya Kijani Isiwe ya Kijana

Bujiku Ngassa,
Kijiji cha Didia,
Shinyanga.
19 Agosti, 1974.

Ndugu Katibu,
Kamati ya Michezo ya Sikukuu ya Mavuno.

KUH: KUTOLEWA MASHINDANONI KABLA MWENZANGU HAJAPATA NAFASI YA KUKOSEA

Baada ya salamu za heshima, naleta malalamiko juu ya mashindano ya pikipiki ya Jumapili, barabara ya jineri ya pamba, kati yangu na Bashiri, kijana wa mjini. Mke wangu Klara aliapa mbele ya balozi wa nyumba kumi kwamba nikishindwa, pikipiki inauzwa tununue plau. Ndugu, naipenda sana pikipiki hiyo.

1. Kwa kuwa yangu ni kuukuu, mlipanga taa yangu iwake sekunde nane kabla ya taa ya Bashiri. Wabeja sana, yaani asanteni. Lakini sheria yenu inasema anayeondoka kabla ya taa yake ametolewa, na mwenzake ameshinda papo hapo. Sasa anayetangulia kuanza ndiye anayetangulia kukosea! Mimi nakosea, Bashiri bado anatafuna muwa. Kijana wa watu alinyimwa nafasi ya kukosea, na nina hakika angeitumia vizuri.

2. Mtangazaji wenu alisema harakaharaka kwamba taa ya kijani ndiyo ya kuondokea. Mimi nilisikia taa ya kijana. Nina miaka hamsini na minane na wajukuu saba. Ningechukuaje taa ya kijana mbele ya wakwe zangu? Nikaondoka na ile ya njano, kama mtu mwenye heshima zake.

3. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Naomba mwenye pikipiki ya polepole aruhusiwe kukosea mara moja bure. Bashiri naye arudishwe barabarani akosee mbele ya Kamati, kisha makosa yetu yapimwe. Tena Wizara iipe rangi ya kijani jina la majani mabichi, nchi nzima.

4. Ule muwa uchunguzwe.

Nisalimie wanakamati, fundi wa betri ya taa, Mama Paskalina aliyetuuzia togwa, na Bashiri mwenyewe, hana baya.

Wako katika ujenzi wa Taifa, mshindani wa mstari wa kushoto,
Bujiku Ngassa

N.B. Klara amekataa kuipeleka barua hii posta mpaka niandike kwamba sikuwa juu ya pikipiki. Ni kweli. Nilikuwa nimeinama nafunga kamba za kiatu. Barabara ile ina mteremko, pikipiki ikaondoka yenyewe. Nikamweleza Klara kuwa basi aliyekosa ni pikipiki, siyo mimi. Akasema vizuri, aliyekosa ndiye auzwe. Mnunuzi yuko uani, ananiuliza breki ziko wapi.