Kupiga Kasia Kwenye Simenti

Leo nimeaibika. Hicho kicheko mnachosikia upande wa maternite, kwa wanawake waliojifungua, bandugu zangu, ni mimi wanayenicheka. Kaeni. Heri niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na wanawake wa Masisi nzima.

Mnajua niliteleza kwenye shamba la maharagi, nyonga ikavunjika, dokta akanipasua na kuniwekea chuma ndani. Tangu hapo ni kulala, kukaa, na kujikokota na magongo. Sasa asubuhi hii masera, yule mtawa anayetunyoosha viungo, akaja na maneno mapya.

"Papa Bauma, leo utaanza kupiga kasia."

"Kasia? Ziwa iko wapi huku mulimani?"

Akanipeleka kwenye baraza la hospitali. Mashine! Mzungu wa shamba la kahawa aliiacha alipoondoka baada ya dipanda, ule uhuru wetu. Kiti kidogo, chini kabisa karibu na sakafu, kinateleza juu ya vyuma viwili. Miguu inafungwa mbele kwa mikanda ya ngozi. Mikononi unashika vyuma kama makasia. Unavuta, kiti kinarudi nyuma. Unaachia, kinakwenda mbele. Maji hakuna, samaki hakuna. Mzungu alifanya hivyo kila asubuhi bila kufika popote (halafu sisi njo tuliambiwa tunapoteza wakati!).

Nikacheka. Mimi, niliyepeleka maharagi kwa mtumbwi toka Kirotshe mpaka Idjwi, nifundishwe kasia?

"Polepole, Papa," masera akasema huku akifunga mikanda. "Ule mufupa ungali muchanga. Ukisikia uchungu, acha."

Kisha akaitwa kwa mgonjwa mwingine, nikabaki peke yangu.

Sitawadanganya, nilivuta mara ya kwanza kwa woga. Niliisikiliza nyonga kama mtu anayesikiliza mwizi nje ya nyumba. Kimya. Nikavuta tena. Kimya! Jasho likaanza kutoka, nikavua shati. Jamani, nilitaka kulia. Miezi yote ile kitandani nilijua nimekwisha, kumbe mabega yangali yanakumbuka kazi. Nikafumba macho, nikaanza kuimba kama tulivyoimba ziwani, nikavuta kwa nguvu zote.

Kumbe sakafu ilipakwa nta asubuhi ileile. Kumbe baraza letu lina mteremko, ili maji ya mvua yatoke. Na mteremko unaelekea nyuma yangu.

Nikasikia upepo kwenye kisogo. Nikajisemea, "Bauma, nguvu imerudi, mpaka upepo unaleta!" (Mjinga mimi.)

Nikafumbua macho. Nguzo ya baraza ilikuwa inaniondokea. Dirisha la chumba cha wanaume likapita. Mzee mmoja akachungulia.

"Papa Bauma, unaenda wapi?"

"Siko naenda fasi yoyote!" nikajibu.

Na nilikuwa naenda!

Nikavuta zaidi ili nisimame, kama unavyozuia mtumbwi. Mashine ikaongeza mbio. Niiname kufungua mikanda? Nyonga ikakataa. Mlango wa maternite ulikuwa wazi, wanapitisha hewa. Nikaingia kinyumenyume, kifua wazi, wimbo ungali mdomoni.

Kwaa!

Kitu kikavunjika. Mungu wangu, chuma cha nyongani! Hapana, ni kiti cha mashine. Nikaanguka chali, kichwa kikatua juu ya kitu laini.

Watoto wachanga waliacha kulia. Nikatazama juu, nikaona uso umepinduka.

Mama mukwe.

Mama wa bibi yangu! Alikuwa ametoka Ntoto kwa miguu kuja kumwona binti yangu Furaha, aliyejifungua juzi. Alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, akichambua vitambaa vya mtoto, vilivyofuliwa huku, visivyofuliwa kule. Na nyinyi mnajua desturi zetu. Tangu nioe, nikimwona njiani naingia porini, hata penye upupu. Akija nyumbani, natokea mlango wa jikoni. Tunasalimiana kupitia ukuta. Leo kichwa changu kiko juu ya mapaja yake, bila shati!

"Yoo!" akapiga kelele, akajifunika uso kwa kitambaa.

Na mimi nikanyakua kitambaa, nikajifunika. (Nilichukua kwenye lile fungu lisilofuliwa.)

"Furaha," mama mukwe akasema chini ya kitambaa, "ambia mukwe atoke ku magulu yangu."

"Furaha," nikajibu chini ya changu, "ambia mama mukwe miguu yangu iko imefungwa. Na nyonga inakataa."

"Furaha, muulize nani alimufunga."

"Furaha, mwambie ni masera."

Furaha hakumwambia mtu kitu. Alikuwa ameuma shuka, kitanda kinatetemeka kwa kicheko. Wanawake wengine walishikana wasianguke.

Mara nikasikia kitambaa kinatupwa.

"Aa! Nimechoka! Mwanamuke mumoja afungue ile mikanda. Na weye, mukwe, nyamaza, nitakuinua."

Weye! Neno la kwanza aliloniambia uso kwa uso tangu nioe binti yake! Akanishika chini ya makwapa, akaninyanyua kama gunia la mihogo, akanisimamisha. Kisha akanitazama, polepole, toka juu mpaka chini.

"Kumbe uko na upara," akasema. "Miaka hii yote niliona mugongo tu, ukiingia mu pori. Nilifikiri nilimupa mutoto wangu kijana."

Hapo chumba kikapasuka.

Masera alikuja mbio, akanipima nyonga, akasema mfupa haukusogea hata kidogo. Eti kesho tunaendelea, kiti kitatengenezwa, naye ataifunga mashine kwenye nguzo. Nimemwambia kamba sikatai, lakini kwanza aigeuze. Kama lazima nifike mahali, nifike kwa wanaume wenzangu.