Mkono Mfupi wa Suti ya Baba

Jumatatu, 10 Juni

Baba atazungumza bungeni! Kesho! Miaka miwili amekaa kwenye kiti chake bila kusema zaidi ya "Ndiyo" wakati wa kupiga kura. Shuleni wananiita Binti Kiti. Mimi mwenyewe darasani siinui mkono hata jibu nikiwa nalo, kwa hiyo sina cha kumlaumu.

Nilimkuta kwenye chumba cha mbele, Mama anakoshonea nguo za watu, akilihutubia lile sanamu la mbao la kujaribishia nguo. Analiita Mheshimiwa Spika. Sanamu lilikuwa limevaa gauni la harusi ambalo halijaisha. Hotuba yake juu ya Muswada wa Maji ni vifungu na takwimu tupu. Kaka alisinzia akiwa amesimama.

Nikamwambia Baba, kwa heshima zote, kwamba hotuba inahitaji sitiari. Akauliza sitiari ndiyo mdudu gani. Nikamwandikia ukurasa mzima. Maji ni damu ya nchi (Kaka akasema hiyo imeandikwa hata kwenye chupa za maji). Muswada ni twiga aliyezaliwa bila shingo (Baba hakuelewa, mimi pia si sana). Akachagua ya mwisho, niliyoiandika haraka haraka: mgawo huu wa maji ni kama suti aliyonishonea mke wangu, mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi, na bado naambiwa nimependeza. Maana yake mitaa ya juu inapata maji tele na ya chini inapata matone. Kitaalamu hiyo ni tashbihi, lakini sikutaka kumchanganya.

Mama alikuwa amekwenda kununua uzi. Suti yenyewe haina kasoro hata ya sindano. Lakini ni mfano tu! Nani atajali?

Jumanne, 11 Juni

Bunge zima limecheka!

Tulisikiliza redioni nilipotoka shule. Mama aliwanyamazisha wateja wote. Mwanzoni takwimu zilimponyoka Baba, halafu ikaja suti. Kicheko! Meza zikagongwa! Niliruka, nikamwaga kopo la vifungo.

Kisha nikamtazama Mama. Mguu wake ulikuwa umeacha kukanyaga cherehani.

Bi harusi, mwenye lile gauni, alikuwa kwenye benchi la wateja. Naye alicheka. Halafu akaacha kucheka, akaitazama mikono ya gauni lake. Akaomba alichukue akaliangalie kidogo nyumbani. Akaondoka nalo na pini zake zote.

Balaa la pili: yule mbunge wa upinzani ambaye Kaka anamwita Mama Miwani alisimama kuhusu utaratibu. Akasema suti hiyo Mheshimiwa ameivaa sasa hivi, yeye anaiona kwa miwani na bila miwani, mikono iko sawasawa, kwa hiyo Mheshimiwa analidanganya Bunge. Spika akaafiki. Mheshimiwa angetaja mnyama wa porini, alisema, hakuna ambaye angemdai ushahidi. Lakini suti ipo, na imo humu ndani. Alhamisi athibitishe au afute kauli.

Kwa nini hakuchagua twiga?

Baba amerudi kifua mbele. Hafuti kitu. Ndiyo kwanza watu wamemsikiliza, aanze kwa kufuta? Mama akamwambia Kaka amwambie Mheshimiwa kwamba chakula kiko mezani. Baba alikuwa ameketi hapo hapo, ameshika kijiko.

Jumatano, 12 Juni

Mama hasemi na Baba. Kaka ndiye mjumbe, na anasema mdomo umemkauka. Bi harusi hajarudi. Mteja mmoja alikuja kuchukua blauzi, akaikunja katikati mlangoni na kulinganisha mikono. Mama akajifanya anatunga uzi kwenye sindano. Sijawahi kumwona akimwogopa mteja.

Nimefikiri darasani kutwa nzima. Mama amekasirika kwa sababu mambo hayajaisha. Mambo hayaishi kwa sababu Baba hana uthibitisho. Hana uthibitisho kwa sababu mikono iko sawa. Rahisi!

Mama alipotoka nikachukua mkasi wake. Nilikusudia kupunguza mkono mmoja wa suti kidogo tu. Ukaenda mshazari. Nikasawazisha. Ukaenda mshazari upande wa pili. Nikasawazisha tena.

Nikampelekea Baba, nikamwambia uthibitisho umepatikana. Akavaa. Saa yake yote ikatoka nje, na juu ya saa lile kovu la pasi, la siku walipoianza kazi hii, Mama akishona na yeye akipiga pasi. Akaketi kwenye benchi la wateja kama mtu aliyepewa habari za msiba.

Hapo hapo Mama akaingia. Akautazama mkono, mkasi, halafu mimi.

Nililia, nikasema yote. Sitiari ni yangu, na mkasi ni mimi. Mama akasema ya sitiari aliijua tangu redioni, maana tangu aolewe mwanamume huyu hajamfananisha na chochote. Kisha akamgeukia Baba, bila kupitia kwa Kaka. Akasema kilichomuuma si mkono wa suti. Miaka miwili ameisubiri sauti yake kwenye redio ile. Wateja amewanyamazisha kwa ajili yake. Na siku aliyofungua mdomo, akawachekesha watu kwa kazi ya mikono ya mkewe.

 Baba alibaki ameunyosha mkono kama mtoto anayesubiri kuoshwa.

Mama akamwambia asimame wima. Akachukua tepu, akampima, ingawa vipimo vya Baba anavijua kwa kichwa. Kidole chake kikakaa kwenye kovu zaidi ya inavyohitajika kupima. Kitambaa cha kuongezea hakuna, akasema. Akachukua mkasi, akaukata na mkono wa pili ulingane.

Alhamisi, 13 Juni

Baba amekwenda bungeni hivyo hivyo.

Spika alimwita.  Baba akasema mikono iko sawa, na tangu mwanzo ilikuwa sawa. Alisema uongo, anafuta kauli. Mke wake ni fundi mzuri, na kila walipomwona amependeza, ilikuwa kazi yake. Basi! Akaketi! Nilikuwa nimemtilia mfukoni karatasi yenye sitiari ya kuombea msamaha (moyo wangu ni kifungo kilichong'oka), hakuigusa.

Spika akauliza, kama mikono iko sawa, mbona inaishia njiani. Baba akasimama tena. Akasema, "Mheshimiwa Spika, nimekua."

Mama Miwani alisikika akicheka kuliko wote. Akaomba Mheshimiwa alieleze Bunge fundi huyo anapatikana wapi. Mama alicheka mpaka akajifunika uso kwa suruali ya mteja. Alipoishusha, macho yalikuwa mekundu.

Jioni alimwambia Baba mwenyewe kwamba chakula kiko mezani. Kaka amepoteza kazi.

Jumamosi, 15 Juni

Bi harusi amerudi, macho chini, gauni mkononi, pini zote mahali pake. Mama alilipokea kana kwamba lilikuwa limetoka kupunga upepo tu. Baba alikuwa pembeni anapiga pasi. Mama anataka kumshonea suti nyingine. Baba hataki, anasema hii ndiyo inayomkaa.

Baba alinivuta kando, akaniambia kwa upole kwamba labda nipumzike kidogo na mifano. Nimemwelewa kabisa. Kosa lilikuwa kutumia mfano ambao watu wanaweza kuuona.

Bi harusi akiwa anapimwa alilalamika kwamba baba yake ana haya mno na hajui atasema nini siku ya harusi. Nikainua mkono! Mimi! Mbele ya wateja! Mama akang'ata pini. Baba akaiacha pasi juu ya shati mpaka ikatoa moshi.

Nimeshaanza hotuba yake: "Mkwe wangu ni kama bomba la mtaa wa chini. Hukoroma sana, lakini ukivumilia, kitu hutoka."

Nzuri sana. Na harusini hakuna Spika.