Ukuta wa Fedha na Fundi wa Kawaida

Jumatatu, 3 Machi
Nimevumbua! Projekta mbili, ukuta mmoja. Ya kwanza nimeiwekea kichujio kinachopitisha mwanga unaotetemeka wima, ya pili unaotetemeka kwa kulala. Miwani nayo vivyo hivyo, kila mtu na yake, aone picha moja tu. Mama watoto anatazama tamthilia, mimi mpira, ukuta ule ule, ndoa salama. Kwenye ukuta mweupe picha zilichanganyika. Refa alitokea katikati ya harusi. Nikaupaka ukuta wa sebuleni rangi ya fedha, ile ya mabati. Picha zikaachana! Mama watoto aliporudi akauliza nani kaniruhusu kuigeuza sebule yake tangi la maji. Nimemwahidi hataza, cheti cha serikali kwamba uvumbuzi ni wangu. Nikiikosa, narudisha rangi nyeupe na projekta zinauzwa.

Jumatano, 5 Machi
Ofisi ya hataza. Ofisa, mama mmoja mwenye sweta na subira, kasema vichujio vinajulikana, projekta zinajulikana. Nikamuuliza, na rangi je? Akasema jambo ambalo fundi wa kawaida angeliona mara moja halipewi hataza. Nikamshika hapo hapo! Nikasema nitamletea fundi wa kawaida, ajionee jinsi huyo fundi asivyoona kitu. Akasema utaratibu hauko hivyo. Nikang'ang'ana mpaka akakubali, ili nimwondokee.

Fundi ninaye: shemeji, kaka yake mama watoto. Anatengeneza televisheni. Juzi kahangaika asubuhi nzima na moja ambayo haikuchomekwa kwenye umeme. Zawadi kutoka mbinguni!

Ijumaa, 7 Machi
Aibu. Ofisa kamweleza shemeji kwamba picha zinachanganyika kwenye ukuta mweupe, angefanyaje? Shemeji akapiga miayo. Nikaanza kutabasamu. Akasema ukuta mweupe unauvuruga mwanga, paka rangi ya fedha, kwani nani hajui? Akaongeza kuwa ile ya mabati inatosha. Msaliti! Ombi limekataliwa. Ofisa kamshukuru YEYE kwa kufika.

Jumamosi, 8 Machi
Napaka nyeupe tangu asubuhi. Shemeji kaketi kwenye kochi, ananionyesha nilikoruka. Projekta zimepata mnunuzi: yeye! Nimeumia, sifichi. Lakini nimetafakari. Uvumbuzi hauna kasoro, nilikosea kuchagua fundi tu. Nitakata rufaa na fundi mjinga zaidi. Nimemuuliza mama watoto kama anamfahamu mtu wa namna hiyo. Kasema yuko mmoja, hayuko mbali, ana rangi nyeupe mpaka kwenye nyusi.

Nimezunguka mtaa mzima. Bado sijamwona.